Kiangazi Kando ya Ziwa

Mji wa Kisumu umo pembeni mwa Ghuba ya Winam, ambayo katika ramani za zamani iliandikwa Ghuba ya Kavirondo. Mstari wa Ikweta hauko mbali nao, maana hupita Maseno. Kwa sababu hiyo watu wa huko hawana majira ya baridi na ya joto kama yale ya Ulaya, bali mwaka wao hugawanywa na mvua. Masika huanza mwezi wa Machi na kushika sana Aprili. Vuli huja karibu na mwisho wa mwaka. Na katikati ya hizo mbili, hasa Januari na Februari, ndicho kiangazi, ambacho Wajaluo hukiita oro. Mgeni aonapo jua kali na vumbi hudhani kwamba huo ni wakati wa kukaa bure kivulini. Lakini wenyeji wajua kwamba huo ndio wakati wa kuweka akiba.

Kazi huanza nyumbani. Akina mama huchanganya udongo na mavi ya ng'ombe, wakakandika kuta na sakafu zilizopasuka, maana ukuta usiokauka vema kabla ya masika hauchelewi kumomonyoka. Wanaume nao hukata nyasi za kuezekea. Siku hizi nyumba nyingi zina mabati, lakini kazi ya udongo haijaisha. Huko Dunga, kilomita chache kutoka mjini, watu huingia katika mafunjo yaliyoota pembezoni mwa ziwa, wakayakata, wakayaanika mpaka yabadilike rangi, kisha wakasuka mikeka na vikapu. Mafunjo yaliyoanikwa wakati wa mvua hushikwa na ukungu, na mkeka wake haudumu.

Ziwa nalo lina saa zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka bara kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, upepo ukageuka na kuvuma kutoka ziwani. Basi mwenye mashua ya tanga huondoka kabla ya mapambazuko kwa upepo wa kwanza, akarudi alasiri kwa upepo wa pili. Wavuvi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, hungoja giza. Hao huwavuta samaki kwa taa, zamani za karabai na sasa nyingi za betri. Mbalamwezi iking'aa hupumzika na kushona nyavu, kwa sababu mwanga wa taa hushindwa na mwanga wa mwezi, nao omena hawakusanyiki.

Kunapokucha, mashua hukuta akina mama wamekwisha kufika ufukoni na makarai yao. Omena hutandazwa juu ya nyavu kuukuu, na wenye uangalifu zaidi huwaweka juu ya vichanja ili wasishike mchanga. Jua likiwa zuri, siku moja yatosha. Mvua ikinyesha ghafula, mali yote huharibika, au huuzwa kwa bei ya chini iwe chakula cha kuku. Ndiyo sababu mama wa ufukoni huyatazama mawingu kuliko mtu mwingine yeyote. Waliokauka vema hupimwa kwa gorogoro na kuuzwa sokoni, na wengine hutiwa katika gunia la nyumbani. Jioni huoshwa kwa maji ya moto, wakakaangwa pamoja na nyanya na kitunguu, pengine na maziwa kidogo, wakaliwa kwa ugali wa mtama. Baada ya chakula, katika siku zilizopita, wasichana walikwenda kulala katika nyumba ya bibi, iliyoitwa siwindhe, wakasikiliza hadithi na mafunzo ya maisha.

Gunia hilo la nyumbani si jambo dogo. Masika yanapokuja jua hupungua, na mavuno mapya yako mbali. Tena kwa miaka mingi Serikali ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena tangu Aprili hata Julai, ili samaki hao wapate kuzaa. Nyumba iliyoanika vema wakati wa oro huivuka miezi hiyo ikiwa na kitoweo. Nyumba iliyouza yote hununua kwa bei kubwa kile kile ilichokiuza kwa bei ndogo. Wahenga walisema kweli: akiba haiozi.

Hatari ya kuuza yote imezidi kuliko zamani. Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, alienea sana katika miaka ya 1980, akawala fulu wengi, wale samaki wadogo waliokuwa chakula cha watu wa kawaida. Minofu yake ikapelekwa na viwanda hata ng'ambo, na mafukara wa Kisumu wakabaki na mifupa yenye kichwa, ambayo huikaanga na kuiita mgongo wazi. Omena nao sehemu kubwa huchukuliwa na viwanda vya chakula cha mifugo. Fedha ipatikanayo hulipa karo na dawa, wala hakuna awezaye kuikataa. Lakini mtoto hali fedha, na kitoweo rahisi cha kumjenga mwili ni hicho hicho kilichotandazwa mbele ya macho yake.

Waswahili wa pwani husema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hiyo yafaa kwa pwani ya ziwa vilevile, madhali desturi ya zamani inashikwa: samaki wa mboga hutengwa kwanza, kisha mchuuzi huitwa. Kufanya hivyo hakuhitaji mashine wala mkopo. Kunahitaji uchanja, gunia safi, na jua la Januari ambalo halitozwi kodi.