Dumu la Chini ya Ngazi

Ramadhani ya mwaka 2022, petroli ilipoadimika nchini na magari yakapanga foleni vituoni, nasi tulijiwekea akiba. Lita 20 zilitiwa katika dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia, likawekwa stoo chini ya ngazi kwa ajili ya jenereta. Uhaba ukapita, Idi ikapita, dumu tukalisahau.

Mwaka uliofuata umeme ulikatika siku chache kabla ya mfungo, ndipo tulipolikumbuka. Wanaume wakabishana iwapo mafuta ya karibu mwaka mzima yangali yafaa, hata akaitwa fundi. Alimimina kidogo katika gilasi: yalikuwa mekundu kama chai ya mkandaa, na harufu yake chachu, mfano wa vanishi. Akatueleza kwamba sehemu nyepesi za petroli, zile zishikazo moto upesi, ndizo zinazotangulia kuvukiza. Zilizobaki huathiriwa na hewa zikawa ulimbo unaoziba kabureta. Petroli iliyofungwa barabara na kuwekwa kivulini hukaa miezi mitatu hadi sita. Kwa joto letu la pwani na kifuniko kilicholegea, muda huo hupungua.

Tulidhani maneno yamekwisha. Fundi akauliza: na hizo sehemu nyepesi, mwadhani zilikwenda wapi?

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini; hutambaa sakafuni na kutuama mahali pa chini, ukingoja cheche. Na hatua chache kutoka stoo ile ndipo tulipokuwa tukipuliza makaa ya chetezo kila baada ya Alasiri, tufukize udi, watoto wakicheza mkekani. Tulitazamana. Mama mkubwa alisema "Astaghfirullah," akakaa kitako. Sisi tuliokuwa hodari wa kuzima moto kabla ya kulala, kama Mtume (s.a.w.) alivyotuusia!

Mmoja wetu (hatutamtaja) alipendekeza mafuta yale yachanganywe na mafuta ya taa, yasipotee bure. Fundi alikataa kwa ukali: petroli ndani ya jiko la mafuta ya taa huweza kulipuka usoni pa mpishi. Wala hakukubali yamwagwe mtaroni. Aliondoka nayo mwenyewe.

Sasa akiba yetu ni lita 5, katika chombo cha chuma kilichotengenezewa petroli, kimeandikwa tarehe, ndani ya kibanda cha uani kilicho mbali na jiko na chetezo. Baba watoto angali analalamika kwamba ni mwendo mrefu usiku.