Dada agoma kupanda pikipiki ya mchumba wake, kisa mguu!

Kuna jamaa mmoja wa Lundo, jina kapuni, ni bodaboda. Alisifika kwa kitu kimoja: kuchomoa mguu kwenye kona. Akitoka Mbinga kurudi ziwani, pale lami inaposhuka milima ya Umatengo kuelekea Mbamba Bay, goti linafunguka, mguu unaning'inia nje, masela wanapiga miluzi.

Siku hiyo abiria alikuwa mchumba wake. Mvua imenyesha, mchanga umeshuka barabarani. Kona ya kushoto, jamaa akachomoa mguu kama kawaida. Kandambili ikanasa kwenye lami, mguu ukavutwa nyuma, pikipiki ikayumba mpaka ukingoni. Hawakuanguka. Binti akashuka, akamkabidhi helmeti.

“Kaka, mimi nitatafuta gari.”

Kaka! Mchumba akikuita kaka ujue hali ni tete.

Usiku jamaa hana usingizi, anaperuzi simu. Akakutana na Sabrina Simader, yule mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi ya Pyeongchang 2018. Dada anashuka mlima wa theluji kwa kasi, na hakuna mguu unaoning'inia. Magoti yamekunjwa, ugoko umeegemea mbele ya buti, miguu imeachana kiasi cha upana wa nyonga. Akikata kushoto, uzito mwingi unakaa mguu wa kulia, ule wa nje ya kona. Ubao unalala kwa ubavu, unachora kona wenyewe.

Jamaa akairudia ile video mpaka bando likakata.

Kesho yake akafunga gunia la mchanga nyuma ya pikipiki, eti ndiye abiria. Breki kabla ya kona, magoti yanabana tanki, macho kule kona inakoishia. Kona ya kushoto, anakandamiza kikanyagio cha kulia. (Wale wa motokrosi wanatoa mguu kweli, ila wana buti ngumu na hawajapakia mtoto wa watu.) Masela wakamcheka, eti amezeeka.

Wiki tatu baadaye akatuma meseji: “Nimeacha.” Binti akajibu: “Nije nione.”

Alipofika alimwangalia miguuni kwanza. Buti. Akavaa helmeti, akapanda kimya, akashika kerieri nyuma, siyo kiuno.

Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, mkono mmoja ukahamia kiunoni. Wa pili ukabaki kwenye kerieri mpaka Mbinga.