Darmstadt: Ada hakuna, lakini mzazi ajipange

Kutoka Frankfurt hadi Darmstadt, Ujerumani, ni chini ya nusu saa kwa treni. Katikati ya mji kuna uwanja wa Luisenplatz, tramu zikipishana kutwa, na hatua chache kutoka hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Ufundi.

Mwaka 1882 chuo hicho kilianzisha nafasi ya kwanza duniani ya profesa wa uhandisi wa umeme, akapewa Erasmus Kittler. Leo shahada ya uzamili ya fani hiyo ni ya mihula minne.

Mzazi akisikia hakuna ada, hushusha pumzi. Ni kweli, mwanafunzi hulipa mchango wa muhula tu, na ndani yake mna tiketi ya usafiri. Lakini kabla ya viza, asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu, kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024. Akifika, hutoa euro 992 kila mwezi kwa chumba na chakula.

Hapo ndipo baba huanza kuhesabu ng'ombe na mama kuitafuta hati ya kiwanja. Kabla ya kuuza, kaeni na kijana mumuulize: Ameomba ufadhili wa DAAD? Kozi yake inafundishwa kwa Kiingereza au Kijerumani? Mwaka wa pili atakula nini?

Akijibu yote matatu, kiwanja kinaweza kuzungumziwa. Asipojibu, hati irudi kabatini kwanza.