Deni Lina Siku Yake, Tusingoje Siku ya Mwisho

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym.



Ndugu zetu katika imani, mlioko huku pwani na mlioko ughaibuni. Sifa zote njema anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Ama baada ya hayo, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kuchelewesha deni la kadi ya mkopo. Huenda msomaji wa Kismayu akasema, "Mwalimu, sisi kadi hizo hatuna, yatuhusu nini?" Na sisi tulidhani hivyo, mpaka yalipotufika.

Sisi tunasomesha madrasa hapa Kismayu, na umri wetu umeshapita miaka arobaini. Mdogo wetu yuko Uingereza. Yeye ni katika Wabajuni waliotoka visiwani wakati wa vita vya 1991, wakakimbilia Mombasa kwa majahazi, kisha wengine wakafika Ulaya. Mwaka mmoja paa la nyumba ya mama lilikuwa linavuja. Tulilijua jambo hilo muda mrefu, tukanyamaza, mpaka mvua za masika zilipokaribia. Hapo ndipo tukampigia simu: "Tutumie pauni 150 leo, mama atalala majini." Akazituma siku ile ile. Tukanunua mabati, tukamuombea dua, tukasahau.

Baada ya miezi kadhaa tukaona simu zake zimepungua. Tukamuuliza kuna nini. Akajibu kwa haya, "Kaka, zile pesa za mabati zilikuwa za kulipia kadi." Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Jumamosi. Alikopa kwa rafiki yake na akalipa Jumatatu. Akatozwa faini ya pauni 12, na zaidi ya hapo riba juu ya vitu alivyokwisha kununua. Mwezi uliofuata akashindwa kulipa lote, akalipa kiwango cha chini, na deni likaanza kuzaa.

Wallaahi tulinyamaza. Sisi ndio tunaowasomesha watoto ubaya wa riba, kumbe haraka yetu wenyewe iliiingiza nyumbani kwa ndugu yetu.

Tuitazame sheria kwanza. Katika Surat Al-Baqarah, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan, Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) ametuamrisha tuliandike deni pamoja na muda wake. Hivyo basi muda ni sehemu ya ahadi. Na katika aya ya 280 ya Sura hiyo hiyo ametufunza kuwa mdaiwa akiwa na dhiki apewe nafasi mpaka apate wepesi. Wenye maduka wengi hapa kwetu bado wanafuata hivyo. Mvuvi huandikwa kwenye daftari, kusi likichafua bahari husubiriwa, na deni hubaki lile lile. Ama kuongeza deni kwa sababu muda umefika na mtu hakulipa, hiyo ndiyo riba ya zama za Jahiliyyah. Na hii inaitwa faini, lakini tusidanganywe na jina.

Wanachuoni wa Majma'u ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana Riyadh mwezi wa Septemba 2000, na katika azimio lao namba 108 wakaeleza kuwa haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya mkopo isiyo na fedha za mwenyewe nyuma yake, iwapo imeshurutishwa ziada ya riba, hata kama anayeichukua ana nia ya kulipa ndani ya muda. Kwa hiyo nasaha yetu ya kwanza ni kutumia kadi ya benki inayokata fedha zako mwenyewe. Lakini wapo waliokwisha kuingia, na hao hatuwaachi. Haya tumejifunza kwa mdogo wetu:

Kwanza, siku ya kulipa ni siku ya fedha kufika, si siku ya kuzituma. Mtu wa Chula anayetaka kuwa Kismayu siku ya Ijumaa hangoji Ijumaa kung'oa nanga. Malipo mengine huchukua siku za kazi mpaka yaandikwe, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Lipa siku tano kabla, au siku ile ile mshahara unapoingia.

Pili, iagize benki ilipe yenyewe kila mwezi, na uchague deni lote, si kiwango cha chini. Kiwango cha chini kinakuepusha na faini tu, lakini riba inaendelea. Hakikisha pia kuwa fedha zimo katika akaunti siku hiyo.

Tatu, kama mshahara wako huingia baada ya siku ya kulipa, waombe wakubadilishie tarehe. Kampuni nyingi hukubali.

Nne, usitoe fedha taslimu kwa kadi hiyo, na usiitumie kutuma hawala. Mara nyingi hawala huhesabiwa kama fedha taslimu, na riba huanza siku hiyo hiyo bila ya muhula.

Tano, ukichelewa, wapigie simu mapema na uwaombe wakufutie faini, khasa ikiwa ni mara ya kwanza. Huko Uingereza, idara ya serikali ya kusimamia biashara ya haki ilitangaza Aprili 2006 kuwa faini ya kuchelewa inayozidi pauni 12 itachukuliwa kuwa si ya haki. Ukitozwa zaidi, uliza.

Sasa tuje kwetu tulioko pwani, kwani hapa ndipo penye kosa letu. Wakubwa mnakumbuka Novemba 2001, Marekani ilipoifungia Al-Barakaat, fedha za watu zikakwama njiani. Wakati ule tulijua kuwa kilichotumwa si kilichofika, na mtu aliomba mapema. Leo fedha zinaingia kwenye simu kwa muda mfupi, nasi tumezoea kuomba dakika ya mwisho. Hatujui kuwa yule wa upande wa pili ana kodi ya nyumba, umeme, na deni lenye tarehe. Naye anaona haya kusema hapana, khasa akitajiwa mama.

Tangu siku ile tumeweka desturi nyumbani kwetu. Haja inayojulikana tunaitaja mwezi mzima kabla. Tunamuuliza mdogo wetu kwanza, "Una deni gani mwezi huu?" kisha ndipo tunataja letu. Na akisema hana, tunasema alhamdulillaah, wala hatununi. Deni la kadi tulilisaidia pia: kwa miezi minne hatukumuomba kitu, tukapunguza matumizi yetu huku, mpaka akalimaliza. Siku alipotupigia kusema limekwisha, alizungumza na mama karibu saa nzima.

Ndugu zetu, mnakumbuka kisa cha maiti aliyeletwa mbele ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akiwa na deni, asimsalie mpaka Abu Qataadah (Radhiya Allaahu 'anhu) alipolibeba deni lile. Watoto tunawasomesha kisa hiki ili waogope deni. Tuwasomeshe pia kuwa alikuwepo ndugu aliyesimama akalibeba. Kama hatuwezi kulibeba la mwenzetu, basi tusimuongezee.

Tunamuomba Allaah atulipie madeni yetu, atutosheleze kwa halali yake, na atuepushe na riba sisi na vizazi vyetu. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.