Mtoto na Mbwa Kiwanjani Frankfurt

Kiwanja cha ndege cha Frankfurt, Ujerumani, hupokea wasafiri wawili wasioachwa bila mwangalizi: mtoto asafiriye peke yake na mnyama wa nyumbani.

Mtoto wa miaka 5 hadi 11 asafiriye hivyo na shirika la Lufthansa hukabidhiwa na mzazi kwa wahudumu. Mwisho wa safari hapewi ila mtu aliyeandikwa katika fomu, baada ya kuonyesha kitambulisho na kutia sahihi. Hata shangazi, asipoandikwa, hapewi.

Mbwa aletwaye kama mzigo hupokewa katika jumba la wanyama lililofunguliwa mwaka 2008. Atokaye Tanzania, Kenya au Uganda sharti kwanza atiwe chini ya ngozi kidude cha utambulisho, kiasi cha punje ya mchele; kisha achanjwe kichaa cha mbwa. Zipite siku 30 ndipo atolewe damu ya kupimwa. Na tangu siku hiyo ingojwe miezi 3.

Basi familia iliyopata uhamisho wa kwenda Ulaya, ikianza kuhesabu miezi siku ya kukata tikiti, mtoto atafika salama, bali mbwa atabaki kwa jirani.