Nondo na Mbayuwayu wa Uriri

Sisi wa pwani huujua mwisho wa mwaka kwa kuingia kwa kaskazi. Huko Uriri, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Awendo kwenda Migori, msimu huo hujulikana kwa mvua za vuli na kwa viumbe wenye mabawa wafuatanao nazo.

Ifikapo Novemba, mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya huruka chini chini juu ya mahindi na miwa, wakidaka wadudu hewani. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, naye huvuka jangwa la Sahara kuja kwetu. Mvua ikikatika, kumbikumbi, ambao Waluo huwaita ng'wen, hutoka ardhini. Hapo ndege na watoto hushindania karamu moja.

Baada ya Magharibi, zamu huwa ya nondo. Aliyehifadhi Suratul Qaaria amemsikia mdudu huyu akitajwa tangu chuoni. Mgeni humwona akizunguka taa akastaajabia rangi zake. Mama mwenye shamba humtazama kwa hofu. Wako nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mahindi, na tangu mwaka 2017 ameongezeka kiwavijeshi aliyetokea Amerika. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na chakula cha nyumba nzima huwa hatarini.

Wengi hukimbilia sumu. Lakini sumu haichagui: humwua kiwavi, ikamwua na nyuki, na mbayuwayu akapungukiwa na riziki. Njia nyingine ilibuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, huko Mbita katika Homa Bay, nayo huitwa vuta-sukuma. Mmea wa desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo. Nyasi za nepia huzungushiwa ukingoni, zikamvuta akatage huko. Mimea yote miwili ni malisho ya ng'ombe, basi shamba hulindwa na maziwa hupatikana.

Akina mama mtakaozuru jamaa bara likizo ya Desemba, waonyesheni watoto nondo usiku na mbayuwayu asubuhi. Kisha waulizeni wenyeji shamba lao linalindwaje. Mtoto atajifunza kwamba mahindi ya sahani yake na ndege wa angani hutegemea uamuzi mmoja wa mkulima.