Reli Iliyosukumwa kwa Mikono

Msomaji, ukibahatika kuwapeleka watoto Mombasa, simama nao mbele ya Fort Jesus uwaulize kama hapo paliwahi kupita reli. Watakucheka. Reli na vichochoro vya Mji wa Kale wapi na wapi? Lakini ilikuwako.

Kisa chenyewe kilianza mwaka 1890. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati huo, IBEA, ilianza kujenga reli nyembamba, upana wake futi mbili tu, ikinuia kufika Ziwa Viktoria. Ilitandika maili saba, fedha zikaisha, kazi ikalala. Serikali ya Uingereza ilipoanza reli yake mwaka 1896, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilichagua upana wa mita moja. Vyuma vya kampuni havikuifaa.

Basi vyuma vilivyokusudiwa kwenda ziwani vikaishia kisiwani. Vilitandazwa toka Mji wa Kale mpaka Kilindini, ng'ambo ya pili ya kisiwa, ambako meli kubwa hutia nanga. Juu yake vilipita vigari vilivyoitwa troli: benchi la mbao, magurudumu manne ya chuma, na kipaa cha kukinga jua. Injini haikuwako. Injini ilikuwa vijana wawili au zaidi, wakisukuma kwa mbio huku jasho likiwatiririka. Penye mteremko walirukia nyuma, nao wakapata kupumua kidogo. Wakubwa wa serikali walikuwa na troli zao binafsi, na nyumba nyingine zilivutiwa reli hadi mlangoni, bwana akishuka hata kiatu kisiguse vumbi!

Kadi za posta za zama hizo zipo hadi leo. Abiria amekaa wima na kofia yake. Wasukumaji wamesimama nyuma. Mara nyingi mkubwa aliyeketi hutajwa jina. Nyuma yake ni "wasukumaji" tu. Mimi hilo hunikera kila nizitazamapo, maana bila wao troli lisingesogea hata hatua moja.

Barabara zilipotengenezwa na motokaa kuongezeka, troli zilikosa kazi, na katika miaka ya 1920 reli iling'olewa. Siku hizi Ndia Kuu hupita tuktuk na pikipiki. Lakini ukiamka mapema utausikia mkokoteni wa maji ukishuka polepole, mitungi ikigongana, na nyuma yake kijana ameinama akiusukuma.